Safari ya Ujumbe Kutoka Osiri: Mwongozo wa Mawasiliano kwa Mfanyabiashara

Malipo ya M-PESA yanayofanywa Osiri Matanda, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike katika Kaunti ya Migori, hupitia mitambo mingi kabla ya mlio wa ujumbe kusikika mfukoni mwa muuzaji. Simu ya mteja hurusha mawimbi hadi kwenye mnara. Mnara huyapokeza kwa mnara mwingine au kwa waya wa faiba. Waya hufikisha ombi kwenye mitambo mikuu ya kampuni, ambako laini hutambuliwa, salio hukaguliwa na hesabu huandikwa. Kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Kwa kawaida yote hayo huisha kwa sekunde chache. Yasipoisha, lawama huangukia netiwaki, ingawa huenda kilichokufa ni betri ya mnara, au mlima umekinga mawimbi, au waya wa faiba umekatwa na tingatinga la barabara, au salio la bando limekwisha tu.

Mfanyabiashara hahitaji hesabu za mawimbi. Kinachomfaa ni kujua viungo vya mnyororo huo, mwenye kila kiungo, na dalili zinazojitokeza kila kimoja kinapokatika. Akiyajua hayo hununua huduma inayolingana na kazi yake, na hulalamika mahali panapohusika.

Mawimbi, mabati na milima

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayopokea na kurusha. Hutumia mawimbi yenye masafa yaliyogawiwa kampuni kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na masafa hayo hayafanani tabia. Ya chini, kama ya megahezi 800 na 900, hufika mbali na hupenya kuta kwa urahisi zaidi. Ya juu, kama ya megahezi 1800 na 2100, hubeba data nyingi lakini huishiwa nguvu mapema. Ndiyo maana simu moja huonyesha 4G mlangoni mwa duka na kushuka hadi 2G ikipelekwa stoo ya nyuma.

Mabati ni adui ambaye wengi hawamhesabu. Chuma hurudisha mawimbi, na duka lililojengwa kwa mabati kuanzia ukutani hadi paani, kama yalivyo mengi kwenye vitongoji vya machimbo na kwenye fukwe za kutua samaki, huizuia simu kuuona mnara hata kama uko kilomita 1 tu. Katika duka la namna hiyo, ruta iliyofungwa nje au dirishani, upande unaotazama mnara, huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kampuni. Kuhama mtandao kwa sababu ya ukuta wa bati ni hasara, na hutokea mara nyingi.

Ardhi nayo ina sauti yake. Milima ya Gwasi na ya Gembe, upande wa Homa Bay, huweka kivuli cha mawimbi nyuma yake, hivyo vijiji viwili vilivyo umbali sawa na mnara hupata huduma zisizolingana. Ziwani mambo hugeuka: maji hayana kizuizi, na mvuvi aliye mbali na ufuo huweza kuona vijiti vya mawimbi vimejaa. Hata hivyo mtambo wa kawaida wa 2G una mpaka wa kilomita 35. Ishara hupangiwa muda maalum wa kwenda na kurudi, na simu iliyo nje ya umbali huo jibu lake hufika limechelewa. Mnara haulipokei hata kama mawimbi yana nguvu. Tajiri wa mashua anayetegemea simu kupata habari za samaki kabla hawajafika ufukweni ajue kwamba kuna eneo la ziwa ambako hakuna simu ya bei yoyote itakayomsaidia.

Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu hupima kitu kimoja pekee, yaani nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara. Havisemi lolote kuhusu safari iliyobaki. Vijiti vikijaa na intaneti isifunguke, lawama isiwekwe kwenye mawimbi. Tatizo liko nyuma ya mnara, au mnara umelemewa na watu. Siku ya soko na jioni watu wanaporudi kutoka kazini, mamia ya simu hugawana uwezo wa mnara mmoja, na kila moja hupata kidogo. Mwenye duka anayetuma hesabu za siku saa 2 usiku na kukwama kila mara huenda akazituma saa 12 asubuhi bila shida wala gharama ya ziada.

Mnara wenyewe

Hata asiye fundi anaweza kuusoma mnara kwa macho. Mabamba marefu yaliyosimama wima ndiyo yanayozungumza na simu za watu. Masahani ya duara, yenye umbo la ngoma, huelekezwa kwenye mnara mwingine na ndiyo yanayobeba mizigo ya wote kuelekea mjini. Mnara wenye masahani tu, usiofikiwa na faiba, hutegemea mnara ulio mbele yake, na huo hutegemea mwingine. Ukianguka wa kati, yote iliyo nyuma yake hukosa njia, ijapokuwa taa zake zinawaka na simu zinaonyesha vijiti.

Baadhi ya minara haimilikiwi tena na kampuni zinazouza laini. Kampuni kama American Tower humiliki mnara na kuukodisha kwa mitandao zaidi ya mmoja. Jambo hili lina uzito kwa biashara kuliko linavyoonekana. Mtu anayenunua laini ya pili ya mtandao mwingine ili iwe akiba hudhani amejikinga; lakini ikiwa mitandao yote miwili imekodi mnara mmoja, hukatika pamoja. Njia rahisi ya kujua ni kungoja siku mtandao wa kwanza utakapopotea kabisa na kuangalia kama wa pili umebaki hewani.

Umeme ndio sababu kubwa ya kupotea huko. Stima ikikatika, mnara huendeshwa na betri, na kwenye vituo vyenye jenereta, na mafuta. Dalili yake ni rahisi kuitambua: stima hupotea, simu huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa, kisha vijiti vyote huzimika kwa ghafla na kwa kila mtu aliye kwenye mtandao huo. Hapo hakuna cha kurekebisha dukani. Kinachofaa ni kuwa na daftari la risiti za mkono na pesa taslimu za kuendeshea siku.

Radi nayo isisahaulike. Maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa yenye radi nyingi duniani, na radi haihitaji kuipiga nyumba ili iharibu ruta. Hupitia waya wa stima au waya wa antena iliyofungwa juu ya paa. Antena ya nje iwe na waya wa kuipeleka radi ardhini, na vifaa vichomolewe ukutani mawingu yanapokusanyika. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Vizazi vinne katika simu moja

Herufi ndogo iliyo karibu na vijiti hutaja kizazi cha teknolojia ambacho simu imeshika. E ni 2G, iliyobuniwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi, na ambayo data yake ni ya kukokota. 3G, au H, kampuni ya Safaricom ilianza kuiuza mwaka 2008. 4G ilifuata Desemba 2014, ikianzia Nairobi na Mombasa. 5G ilifunguliwa kwa wateja Oktoba 2022. Vyote bado vinaishi pamoja, na simu huhama kutoka kimoja hadi kingine bila kumwuliza mwenyewe.

Kuhama huko kuna athari moja ambayo imewachosha wengi. Simu nyingi za 4G, zikipigiwa, hushuka hadi 3G au 2G ili kubeba sauti. Ofisi inayotumia simu ya meneja kama chanzo cha intaneti hukatikiwa kila anapopigiwa, kompyuta zote hukwama, na mazungumzo yakiisha kila kitu hurudi. Ruta ndogo yenye laini yake yenyewe huondoa tatizo hilo kwa gharama ya kifaa kimoja.

Sauti, SMS, USSD na data

Huduma nne hupita kwenye mnara mmoja lakini haziendi kwa njia moja, na tofauti zao ndizo zinazoamua biashara ya kijijini iendeshwe vipi.

Sauti huhitaji njia iliyo wazi muda wote wa mazungumzo. Bei yake ya kuvuka mitandao hutokana na ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kuipokelea simu. Mwaka 2010 ada hiyo ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na vita vya bei vilivyofuata ndivyo vilivyopunguza ile desturi ya kutembea na laini tatu ili kukwepa gharama ya kupiga nje ya mtandao. Machi 2024 ilishushwa hadi senti 41.

Ujumbe mfupi, yaani SMS, huhifadhiwa na mitambo ya kampuni hadi simu inayotumiwa itakapopatikana. Hauna ahadi ya muda. Ujumbe wa malipo unaweza kufika baada ya saa nzima, na kuchelewa kwake hakumaanishi kwamba pesa hazijaingia. Wala kufika kwake hakuthibitishi kwamba pesa zimeingia: mtu yeyote anaweza kuandika maneno yanayofanana na ya M-PESA na kuyatuma kutoka namba ya kawaida, au kumwonyesha muuzaji ujumbe uliohaririwa kwenye simu yake. Mnunuzi wa dhahabu au mwuza omena anayekabidhi mali kwa kutazama kioo cha simu ya mwenzake anatoa mkopo bila kujua. Salio la tili, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo, hukaguliwa kwenye simu ya muuzaji mwenyewe, basi.

USSD ni zile namba zinazoanza kwa nyota na kuishia na alama ya reli. Hazihitaji intaneti wala simu janja, hufanya kazi kwenye simu ya kabambe ya bei rahisi na kwenye 2G dhaifu. Ila ni mazungumzo ya papo kwa papo: njia hufunguliwa kwa muda mfupi, na ikikatika katikati, mtumiaji hana hakika ombi limefika wapi. Hapo ndipo watu hulipa mara mbili. Kanuni ni kutazama salio kwanza kabla ya kurudia, hata kama foleni ya wateja inanung'unika. Kwa biashara zilizo mbali na barabara kuu, huduma yoyote inayopatikana kwa USSD ni ya kutegemewa kuliko programu yenye picha nzuri. Hata Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilipoanzisha ankara za kielektroniki za eTIMS ilitoa njia nyepesi ya USSD kwa wafanyabiashara wadogo, na ni vyema mwenye duka aijue, kwa sababu tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haihesabiwi katika kupunguza kodi ya mapato.

Data ndiyo intaneti yenyewe. Habari hukatwa vipande vidogo, kila kipande hutafuta njia yake na vyote huunganishwa upya vinakofika. Kipande kikipotea, hutumwa tena. Kwa hiyo data haikatiki kwa ghafla kama sauti. Hupungua kasi, na mtumiaji hubaki akitazama duara likizunguka.

Kasi, kuchelewa na bando

Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Faili nazo hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Picha na hati za megabaiti 40 zikitumwa kwa kasi ya megabiti 8 huchukua sekunde 40, wala si 5. Anayelipia "nane" akidhani ni nane za faili hukasirika bila sababu, na muuzaji wa huduma mara chache humweleza.

Kuna kipimo cha pili ambacho matangazo hayakitaji: muda ambao kipande kimoja huchukua kwenda na kurudi. Lori linalotoka mji wa Sori na magunia ya omena hubeba mengi lakini hufika jioni; bodaboda hubeba gunia moja na kufika mapema. Kutuma video ya bidhaa kunahitaji lori. Mazungumzo ya WhatsApp, mashine ya kadi na mfumo wa benki vinahitaji bodaboda. Duka linaloendesha malipo na hesabu tu halina haja ya kununua kasi kubwa. Linahitaji njia isiyochelewa na isiyokatika.

Bando la gigabaiti 1 hutosha picha kama 330 za megabaiti 3 kila moja. Linapoisha kabla ya wakati, mara nyingi halikuliwa na kazi. Simu janja husasisha programu zake yenyewe, hupakia picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp hupakua video za makundi usiku kucha. Kuzima mambo hayo matatu katika mipangilio ya simu huokoa pesa nyingi kuliko kutafuta bando la bei nafuu. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo huwa na kikomo kilichoandikwa kwa herufi ndogo: kiasi fulani kikifikiwa, kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Kiasi hicho kiulizwe kabla ya kulipa. Katika bei yenyewe mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa simu na data, ulioshushwa kutoka 20 na Sheria ya Fedha ya 2023. Sheria hiyohiyo iliupandisha ule wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka 12 hadi 15.

Njia za kuiunganisha ofisi

Kibanda cha wakala au cha muuza vipuri hutoshwa na laini ya simu. Ofisi yenye kompyuta kadhaa, kama chama cha ushirika, zahanati au hoteli, huanza kuhitaji kitu imara zaidi.

Faiba ndiyo bora inapopatikana, kwa sababu nuru ndani ya uzi wa kioo haijali mvua wala mlima. Hupatikana mijini, Migori, Homa Bay, Rongo au Oyugis, na kando ya njia kuu, kwa kuwa kampuni huvuta waya penye wateja wengi. Adui wake ni jembe na tingatinga. Baada ya hapo huja intaneti ya antena inayofungwa juu ya paa na kutazama kituo cha kampuni. Ni nzuri mradi hakuna mti wala ghorofa jipya litakaloota katikati.

Setilaiti hufika kila mahali. Zile za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya ombi kwenda na jibu kurudi kupitia huko hugharimu nusu sekunde hivi, kiasi kwamba mazungumzo hugongana. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti nyingi zinazozunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Kwa machimbo yaliyo bondeni au kisiwa kama Mfangano hilo ni badiliko kubwa. Lakini sahani yake inahitaji anga wazi na stima isiyokatika, mvua kubwa huidhoofisha, na fundi wa karibu huenda asiwepo. Gharama ya kununua kifaa hulipwa mwanzoni. Watu watatu au wanne wenye maduka jirani wanaweza kuichangia, ila kuiuza intaneti hiyo kwa umma kunahitaji leseni.

Kipengele kimoja cha ofisi hupuuzwa daima, nacho ni waifai ya ndani. Intaneti inaweza kufika mlangoni ikiwa na nguvu zote kisha ikafia ukutani. Kabla ya kumpigia mtoa huduma, kompyuta moja iunganishwe na ruta kwa waya. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri, tatizo ni la nyumba.

Kutoka Migori hadi baharini

Ujumbe unaotoka Nyatike husafiri kwa masahani na faiba hadi kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Njia hiyo ni ya wenyewe wengi: kampuni za simu zina nyaya zao, serikali ina uti wa mgongo wa taifa wa faiba uitwao NOFBI, unaounganisha makao makuu ya kaunti, na Kenya Power hukodisha faiba zilizofungwa kwenye nguzo zake kubwa za stima. Makampuni hubadilishana mizigo ya ndani ya nchi kwenye kituo cha KIXP jijini Nairobi, ili barua pepe ya Rongo kwenda Kisumu isilazimike kuzunguka Ulaya.

Kinachotoka nje ya nchi huingia baharini Mombasa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti zenye kasi duni na bei ya kutisha. Nyaya hizo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu.

Siku kama hizo huacha alama inayosomeka kwa urahisi: tovuti za nje hukokota, simu za sauti na M-PESA huendelea. Sababu ni kwamba mitambo ya M-PESA iko nchini. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Huduma ilianza Machi 2007, na hadi Aprili 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Shilingi iliyotumwa kutoka Sori hadi Awendo, safari ya saa chache kwa matatu, iliandikwa Ulaya kwanza.

Mpaka na ziwa

Migori inapakana na Tanzania, na mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha Isebania. Simu iliyo Muhuru Bay au kwenye mashua huweza kushika mnara wa Tanzania. Karibu na Migingo, kisiwa ambacho Kenya na Uganda zimekuwa zikikigombania, huweza kushika wa Uganda. Kuanzia hapo simu hutozwa kama iliyo ugenini, hasa data, na salio huyeyuka bila mwenyewe kuvuka mpaka. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, kuzima data ya ugenini na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Mabaharia na madereva wa lori wanaobeba simu za kampuni wafanyiwe hivyo kabla ya kuondoka.

Wazo la kufuta gharama hizo si geni. Kampuni ya simu ya Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006 kwa mpango wa One Network, wateja wakapiga simu ugenini kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mpango wa eneo moja la mtandao. Tanzania haikuwa katika kundi hilo la mwanzo, na huo ndio upande ambao Migori inafanya nao biashara. Kwa malipo, M-PESA ya Safaricom na ile ya Vodacom Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, jambo lililowapunguzia wanunuzi wa samaki hatari ya kubeba noti mpakani.

Namba ya biashara ni mali

Namba iliyochorwa ukutani mwa duka na kukaririwa na wateja ina thamani kuliko rafu nyingi za ndani. Hata hivyo biashara nyingi huiacha iwe ya mfanyakazi. Kisheria laini ni ya yule aliyeisajili kwa kitambulisho chake. Akiacha kazi, anaweza kuondoka na namba, wateja na vikundi vyote vya WhatsApp. Laini za kazi zisajiliwe kwa jina la kampuni au la mwenye biashara tangu siku ya kwanza, na namba teule inayotoa pesa za tili ikae kwa mwenyewe, wala isiwe ile inayoshikwa kaunta.

Tangu Aprili 2011 mteja wa Kenya anaweza kuhama kampuni akiwa na namba yake. Hata hivyo akaunti ya pesa haihami nayo. Anayehamisha namba yenye M-PESA atoe salio kwanza na apange upya malipo yake. Laini isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Biashara za msimu, kama zile zinazofuata dhahabu kutoka shimo hadi shimo, hupoteza namba kwa njia hiyo.

Wizi mkubwa wa sasa ni wa kubadilisha laini. Mwizi hupata namba ya kitambulisho na maelezo machache, humdanganya wakala kwamba laini imepotea, hupewa kadi mpya, na simu ya mwenyewe hufa ghafla. Simu inayokosa mtandao huku majirani wakiwa nao ni dharura. Kampuni ipigiwe kwa simu nyingine papo hapo, kisha benki. Kwa wateja wa Safaricom, kupiga *100*100# huzuia laini kubadilishwa mpaka mwenyewe afike katika duka la kampuni akiwa na kitambulisho. Anayepiga simu akijitambulisha kama mfanyakazi wa kampuni na kuomba namba ya siri ni mwizi, hata awe na upole wa namna gani. Nakala za vitambulisho vya wateja zinazolundikwa dukani nazo ni hatari kwa wenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezishika azitunze.

Mkataba na malalamiko

Ofisi inayolipia intaneti kwa mwezi ina haki ya kuuliza huduma itakuwa hewani kwa kiasi gani. Asilimia 99 husikika vizuri, lakini katika mwezi wa siku 30 huruhusu saa 7 na dakika 12 za giza. Asilimia 99.9 huruhusu dakika 43. Mkataba useme pia hitilafu itashughulikiwa ndani ya saa ngapi, na mteja atarudishiwa nini isiposhughulikiwa. Bila kipengele hicho cha mwisho, vingine ni maneno tu.

Hitilafu ikitokea, uchunguzi hufuata mpangilio wa mnyororo. Salio na bando hutazamwa kwanza. Simu huzimwa na kuwashwa. Laini huwekwa kwenye simu nyingine. Jirani mwenye mtandao huohuo huulizwa, halafu mwenye mtandao tofauti. Hujaribiwa sauti, kisha USSD, kisha data. Sauti ikipita na data ikigoma kwa wote, tatizo ni la kampuni. Vyote vikigoma kwa mtu mmoja, ni la simu au laini yake. Ni kazi ya dakika tano, na huondoa safari nyingi za kwenda mjini.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko huandikwa. Lisipotatuliwa, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, iliyoanza mwaka 1999 kama Tume ya Mawasiliano na ambayo hupokea malalamiko ya wateja bila malipo. Barua iwe na tarehe na saa za kila hitilafu, mahali ilipotokea, aina ya huduma iliyokwama na namba za kumbukumbu zilizotolewa. Lalamiko linalosema tu kwamba netiwaki ya Osiri ni mbaya haliwapi mafundi pa kuanzia. Linaloeleza kwamba kila stima ikikatika mnara fulani huzimika baada ya saa mbili hufunguliwa faili.